Mshono wa operesheni ya uzazi: mambo ya kufanya ukifika nyumbani

Mimi ni mkunga huku Tukuyu, wilayani Rungwe. Mzazi wa operesheni akiruhusiwa, huwa naongea naye pamoja na atakayemuuguza. Hospitali tulimchoma antibayotiki kabla ya kisu kugusa ngozi, lakini mshono unaweza kuingiwa na vijidudu hata wiki ya tatu, yuko kwake.

Kwanza naongea na mama mkwe. Shikamoo mama, najua umemwandalia mkweo maji ya moto ya kumkanda. Mkande mgongo na miguu, atashukuru. Tumbo liache kabisa. Maji yale hulowesha mshono, humbabua, na mikono inayokandamiza inaweza kuufumua mshono. Unaogopa damu itabaki tumboni? Kizazi hujikaza chenyewe, na mtoto akinyonya kinajikaza zaidi.

Bandeji kwa kawaida hutolewa na nesi baada ya saa 24 hadi 48. Baada ya hapo oga kila siku kwa maji safi na sabuni, yapite tu juu ya mshono, usisugue. Kausha kwa kugusagusa, kwa kitambaa safi ambacho hakifanyi kazi nyingine. Kama tumbo limelalia mshono, linyanyue ukaushe na chini yake. Hapo ndipo jasho hujificha.

Masika ya Rungwe ndiyo mtihani wenyewe. Nguo zinashinda kambani na jioni bado mbichi, mtu anavaa hivyohivyo chini ya sweta. Usivae. Zipigwe pasi ya mkaa mpaka zikauke, khanga na chupi, na chupi iwe ya pamba, mpira wake ukae juu kuliko mshono, usiuminye.

Usipake majivu wala spiriti. Na tafadhali, usipasue kapsuli ukamwaga unga wake kwenye kidonda. Dawa ulizoandikiwa zimeze mpaka ziishe. Anayekugusa anawe kwa sabuni kwanza. Kula maharage, mayai, maziwa, parachichi. Vyote vipo hapa. Mwenye kisukari asiache dawa zake, sukari ikipanda kidonda hakifungi.

Ukiona homa, usaha, wekundu unaotambaa, maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mshono kuachia, au damu ya uzazi inayonuka, njoo siku hiyohiyo. Usingoje tarehe ya kliniki. Wengi huchelewa kwa kuhofia nani atabaki na mtoto. Njoo naye, hata ukilazwa ataendelea kunyonya.