Kutoboa chuma na kukata hesi kwa mafuta ya nazi badala ya oili chafu

Acha kumwagia biti ya kutobolea oili chafu ya injini. Ina masizi, chembe za chuma na kemikali zinazohusishwa na saratani ya ngozi, na mkono wa fundi ndio unaoshinda humo. Mafuta ya mimea hulainisha vizuri zaidi kwa kazi za mwendo mdogo: asidi zake za mafuta hung'ang'ania uso wa chuma, hivyo utando haukatiki haraka pale makali yanapokwaruza.

Nazi ndiyo ya kuanza nayo, kwa sababu haiharibiki upesi kwa hewa. Kasoro yake ni kuganda chini ya nyuzi 24 hivi. Dar es Salaam au Mombasa mara nyingi hutaona shida, lakini Njombe au Limuru asubuhi utakuta kopo limekuwa jiwe. Liweke juani kwanza. Alizeti haigandi, ila ikiachwa kwenye mashine hugeuka utando wa kahawia unaonata kama gundi. Mafuta yaliyokaangiwa usiyaguse: yana chumvi, maji na asidi, na kutu itafuata.

Tuchukue tundu la hesi, yaani mikato ya ond ya kushika skrubu, ya M10 (kipenyo mm 10, hatua kati ya jino na jino mm 1.5) kwenye bamba la chuma laini la mm 12. Funga bamba kwenye jiliwa (kibano cha mezani), piga punchi katikati ya alama, toboa kwanza kwa biti ya mm 4, kisha mm 8.5, kwa mizunguko 800 hadi 900 kwa dakika. Paka mafuta kwa brashi ndogo kabla biti haijagusa, na kila baada ya mm 3 inua biti, ondoa mabaki, ongeza matone mawili matatu. Moshi mwepesi mara moja moja si tatizo. Mabaki yakitoka ya buluu au biti ikipiga kelele, usiongeze mafuta: punguza mwendo au noa biti.

Tepu, kifaa cha kukatia hesi ndani ya tundu, ndiyo inayoyahitaji mafuta zaidi. Jaza mafuta kwenye mifereji yake, isimamishe wima kabisa, zungusha nusu mzunguko mbele na robo nyuma ili mabaki yakatike. Ikikaza, usilazimishe, itoe, isafishe, paka tena. Tepu nyingi huvunjika kwa mabaki yaliyojazana, na mafuta hayaokoi hapo. Tundu lisilotokea upande wa pili, litoboe zaidi ya urefu wa hesi, walau mm 5, mabaki yapate pa kukaa.

Chuma cha kutupwa (kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu) kitoboe kikavu. Mafuta na vumbi lake hufanya tope linalosaga makali. Shaba ipanguse siku hiyohiyo, isigeuke kijani.

Mafuta haya hayazuii kutu wala si ya kulainisha njia za mashine, yaani reli ambazo sehemu zake huteleza juu yake. Ukimaliza, futa kila kitu, osha kazi kwa maji ya moto na sabuni kama itapakwa rangi au kuchomelewa, kisha paka mashine oili yake. Wala usiyamimine kwenye tangi la pampu la mashine ya kukereza: huko tumia mafuta ya mimea yaliyotengenezwa kuchanganyika na maji, ukimimina mafuta ndani ya maji, si maji ndani ya mafuta, vinginevyo yataganda mabonge.

Matambara yaliyolowa alizeti au mafuta ya kitani usiyarundike pembeni. Yanapokauka hutoa joto na yanaweza kuwaka yenyewe. Yatandaze nje, au yatie kwenye kopo la bati lenye maji na mfuniko.