Kumpelekea Mgonjwa Chakula Wodini na Kula Pamoja Naye

Katika hospitali nyingi za Tanzania ndugu ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi ya kumlisha mgonjwa aliyelazwa, na muda wa kuona wagonjwa unapokaribia, watu hujipanga getini wakiwa na vikapu, hotipoti na chupa za chai. Kabla hujaingia jikoni, ulizia kama hospitali yenyewe inapika, na kama inapika, omba kuonja. Chakula cha hospitali hudharauliwa mno na watu ambao hawajawahi kukionja. Maharage yaliyochemshwa hadi yakalainika, mchicha usioelea kwenye mafuta na uji mzito wa asubuhi ni mlo ambao wengi wetu hatuupati nyumbani, na uhaba wa chumvi unaolalamikiwa ndio hasa anaouhitaji mwenye shinikizo la damu. Ukikuta chakula hicho ni kizuri, usishindane nacho: peleka nyongeza ndogo, kisha ubaki ule naye, kwa sababu mara nyingi sahani hurudi ikiwa imejaa si kwa ubaya wa chakula bali kwa upweke wa kukila.

Muuguzi wa zamu aulizwe kabla sufuria haijabandikwa. Mgonjwa anayesubiri upasuaji kwa kawaida hukatazwa chakula kwa muda usiopungua saa 6 kabla ya dawa ya usingizi, na kijiko kimoja cha huruma kinaweza kuahirisha upasuaji au kumpalia akiwa hana fahamu. Mwenye figo zilizoshindwa kazi anaweza kukatazwa ndizi, viazi na maji ya dafu, yaani vitu vilevile tunavyovibeba kwa nia njema, kwa kuwa vina potasiamu nyingi. Aliyepooza kwa kiharusi asipewe hata maji kabla ya kupimwa kama anaweza kumeza. Mtoto mwenye utapiamlo mkali huanzishiwa maziwa maalumu yaitwayo F-75 kwa vipimo vidogo vidogo, na bibi anayemfichia ugali na nyama humhatarishia maisha, kwa sababu mwili uliokaa na njaa muda mrefu hauhimili shibe ya ghafla.

Ukiruhusiwa, pika karibu na muda wa kuondoka. Jaza hotipoti maji yanayochemka, uyaache dakika chache, uyamwage, ndipo upakue chakula kikiwa cha moto kabisa. Chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa 2 katika joto la kawaida, na vya nazi ni vya kuepuka kama safari ni ndefu, maana huchacha upesi. Mtori, ule wa ndizi na nyama ambao Wachagga humpikia mama aliyetoka kujifungua, hufaa sana: ni mzito, hutunza joto, na huliwa kwa kijiko bila kutafuna sana.

Ukifika, mwinue mgonjwa akae wima, mnawishe kwa maji na sabuni, nawe unawe mbele yake. Pakua sahani mbili. Kula pamoja hakulazimu kuchangia sinia moja, na penye ugonjwa wa kuambukiza ni lazima kila mmoja awe na chombo chake, lakini ni muhimu akuone nawe unakula, maana anayetazamwa huku akilishwa hujiona mzigo. Mwachie amege tonge mwenyewe maadamu mkono unaweza, hata kama mchuzi utadondokea shuka. Habari za deni la hospitali zisubiri (na za shamba lililovamiwa na ng'ombe pia).

Ustaarabu wetu unadai kumkaribisha aliye karibu, na kitanda cha jirani kiko hatua moja tu. Mkaribishe bila kusita yule anayemuuguza mgonjwa wa hapo, lakini mgonjwa mwenyewe usimpe kitu mpaka muuguzi amekubali, hasa yule asiye na mtu wa kumtembelea, ambaye ataona haya kukataa hata kama amekatazwa. Akiwa haruhusiwi, sogeza kiti upande wake mzungumze wote watatu.

Mabaki yarudi nyumbani wala yasifichwe kwenye kabati la kando ya kitanda. Mgonjwa abaki amekaa wima kwa nusu saa hivi, nawe umweleze muuguzi amekula kiasi gani na ameacha nini.