Kuchonga taa ya boga ya Halloween ukiwa Malindi

Kama watoto wako wanataka taa ya boga 31 Oktoba, nenda sokoni mapema uchague boga lenye kitako bapa lisibiringike, na lisiwe na doa laini hata moja. Kata kifuniko kwa kisu chembamba ukikilaza mshazari, manake ukikata wima kitatumbukia ndani. Komba matumbo kwa kijiko cha chuma mpaka ukuta ubaki kama unene wa kidole, mbegu usitupe, osha uanike ukaange na chumvi, na ile nyama ipike na nazi na iliki kidogo, tamu sana.

Ukiwa unachonga wape hadithi yake, hapo ndo penye utamu wenyewe. Sikukuu hii ina mizizi Ireland, watu wa kale waliiita Samhain, inatamkwa kama "sawin", mavuno yameisha na baridi inaingia, wanawasha mioto mikubwa na kuamini usiku huo wafu wanaweza kurudi kutembelea walio hai. Baadaye kanisa likaweka Watakatifu Wote 1 Novemba. Taa zenyewe zilikuwa za tanipu, mzizi mgumu wa duara, boga lilikuja Waayalandi walipohamia Marekani, wengi wao wakikimbia njaa ya viazi iliyoanza 1845.

Chonga jioni ileile, joto letu hili boga lililotobolewa halikawii kuoza. Macho kwanza, mdomo mwisho. Toboa tundu kwenye kifuniko moshi utoke, afu weka mshumaa mfupi.