Namna ya kuandika maisha yako ku intaneti hata kama unaona haina kintu ya kuvuta batu

Kama umeshaandika kintu ku telefone, ukaisoma, ukaisoma tena, kisha ukafuta yote juu ulijiuliza "sasa hii itamusaidia nani?", kaa hapa kidogo, hii ni ya kwako. Batu banauliza ile swali mingi na karibu kila mutu anailetaka vilevile: yaya, miye maisha yangu ni nyumba, kazi, soko, yenga kanisa, hapo nitatosha stori wapi? Na ule mwenye anauliza vile, ukikutana naye pale Nyawera, hapa kwetu Bukavu, anakushikilia dakika makumi tatu akikueleza vile motari, mwenye kubeba batu ku pikipiki, alimupitisha mu matope ya Kadutu akiwa amebeba kanzu ya ndoa ku mukono, na weye unacheka mpaka unasahau kile ulikuya kutafuta. Kwa hiyo stori iko. Inapoteleaka kati ya mudomo na telefone, na njo pale tutaitafuta.

Mashaka yenyewe kwenye inatoka haina siri. Unafungua Facebook: ule ameoa, ule amepata diplome, ule yuko Dubai amesimama mbele ya gari yenye haijulikane ni ya nani, na weye uko nangojea mayi ya Regideso, kampuni ya mayi, na bidon yako. Unajisemea batu banataka bintu bikubwa tu. Sasa mu 2017 Gus Cooney, Daniel Gilbert na Timothy Wilson, batu ba saikolojia kule Marekani, balitosha utafiti yenye inasema karibu kinyume: mwenye kueleza anafikiriaka benye kusikiliza banataka jambo mupya, kumbe beye banafurahia zaidi stori ya kintu yenye bameshaijua. Juu ya nini? Juu wote tunaeleza vibaya, tunaruka bintu, tunaacha matundu kila mahali, na mutu mwenye ameshapita mu ile jambo anaziba matundu yeye mwenyewe. Ukiandika "mayi ilikuya saa nane ya usiku" mutu wa Bukavu ameshaona yote, bidon za njano zimepanga mustari, mama mwenye anapita kando akisema yake ilikuwa hapa tangu jana, papa mwenye amebeba toshi ku meno. Ile Dubai utapaswa kuieleza mpaka jasho itoke na bado mutu hatasikia joto yake.

Kwa hiyo usikae chini kutafuta sujé. Jiulize tu: wiki hii nimeeleza mutu jambo gani na mudomo, bila kuulizwa? Ulimueleza dada yako, ulimueleza mutu mwenye alikusuka nywele, ulirudi ukaeleza tena ku nyumba wakati ya bugali. Kama umeeleza ile kintu kwa batu wawili watatu na balikusikiliza mpaka mwisho, imeshapimwa, haina haja ya kujiuliza tena kama inavuta.

Na kama ku mudomo inatoka muzuri lakini ukishika telefone unakauka, fanya hivi: chagua mutu moja mwenye yuko mbali na anakupenda, kaka yuko Kampala, rafiki alihamia Lubumbashi, umutumie odio ya WhatsApp ukimueleza ile jambo. Odio ya kweli, umutumie kabisa, usijisemee peke yako mu chumba juu utaanza kuongea kama muhubiri. Kisha sikiliza odio yako mwenyewe na uandike kile unasikia. Acha ile "unajua pale Essence kwenye ba motari banajaa", acha ile "basi mutoto huyu, nakuambia", acha hata pale unacheka mbele ya kumaliza. Sisi wengi tukianza kuandika tunavaa koti ya masomo, tunaandika "ningependa kuwajulisha ndugu na marafiki" na mutu ameshapitisha kidole.

Sasa tuangalie posti yenyewe. Hii njo aina yenye naona kila siku:

"Leo nilienda soko. Bei ya bintu imepanda sana. Maisha ni nguvu, tuombe Mungu."

Ni kweli yote, hakuna mutu atakatala, lakini hakuna pa kushika. Kwanza soko gani? Bei ya nini? Nani alisema nini, na mikono yake ilifanya nini? Mutu mwenye alienda kule na macho wazi alikuwa na hii (sambaza ni samaki ndogo, gobele ni kopo ya kupimia, matabishi ni nyongeza ya bure):

"Leo soko ya Kadutu mama wa sambaza ya kukauka amejaza gobele mpaka inamwangika, nikasema kumbe leo Mungu amenikumbuka, kisha akaigonga chini mara moja, tk, zote zikashuka nusu. Nikamuambia mama, na matabishi? Akaniangalia kwanza. Akatosha sambaza moja, moja tu, akaiweka juu polepole na bidole biwili, akasema hii ni ya paka yako. Sina paka."

Soko ni ile ile na bei haikubadilika. Lakini hapa hakuna pahali umesema maisha ni nguvu, na mutu akimaliza anajua maisha ni nguvu na pia anacheka. Na angalia kwenye inakata: "Sina paka", basi. Najua mukono utataka kuongeza "njo maisha yetu ya Bukavu hiyo" na ba emoji tano za kulia, tafazali, futa. Ukiongeza ile unamunyanganya msomaji kazi yake, juu yeye njo anapaswa kukuya mu komanteri kusema ule mama ni ndugu ya ule wa makala kule kwetu Bagira, mwengine ataleta wa maharagi, mwengine yuko Bruxelles miaka mingi ataandika tu "sambaza jameni". Banakuya kuleta gobele yabo. Ile njo posti yenye inatembea, hata kama weye hauko mutu wa kujulikana.

Angalia pia sikusema uandike ya kuchekesha tu. Ya huzuni ni vilevile: kintu moja, karibu, na maneno yenye ilisemwa kweli. Kama kazi imekwisha na unabakia ku nyumba, usieleze "kipindi kigumu", eleza vile unaamka saa kumi na mbili bado na unavaa viatu kisha unakumbuka.

Urefu haina shida kubwa. Batu banasoma na mega za kuhesabu, video ya dakika kumi haitafunguka, maneno inafunguka. Ku statu ya WhatsApp uko na nafasi ya herufi 700, na stori ya sambaza inaingia yote na nafasi inabakia. Kama unaweka foto, piga gobele, si uso yako na gobele nyuma kule.

Kwa kuanza, usiiweke Public siku ya kwanza kama tumbo inakuuma. Statu ya WhatsApp inazimika yenyewe nyuma ya saa 24, na mu reglaji ya siri unaweza kuchagua majina ya batu benye bataiona peke yabo, au kutosha bale benye hautaki. Kumbuka pasta, boss, na shangazi ya bwana beko wote mu namba zako. Ku Facebook weka marafiki tu. Ukiona moyo imetulia, fungua mulango kidogo kidogo.

Hapa sasa nitakuwa mukali. Kuko bintu bya kuvuta batu sana na si bya kwako. Deni ya bwana yako, mimba ya mudogo yako, pointi za mutoto ku masomo, hizo ni stori zabo, hata kama mulikuwa wote mu chumba. Ule mama wa sambaza hana jina ku posti na meza yake haijulikane ni gani, na uso yake usiipige foto kama haukumuuliza. Kilio, ngojea fami itangaze. Kuko batu balijua kifo ya muzazi yabo ku statu ya jirani, na ile mutu hasahauke. Na mu muji wetu hii, na mambo vile iko, usiandike kwenye uko sasa hivi, wala saa yenye utapita barabara gani, wala batu ba silaha benye umeona ku njia. Safari ya boti ya Goma iandike ukiwa umeshashuka, umefika, umekula na umelala. Itakuwa ingali muzuri kesho yake.

Kisha umeposti, na kimya. Laiki mbili, moja ni ya mama yako. Mbele ya kufuta, ujue batu ba kwetu banasoma na habafinyake kintu, utabakuta ku foleni ya mayi banakuambia "ile yako ya paka, eh!" na ku telefone habakuacha hata alama. Ku statu jicho inakuonyesha nani aliona, ila kama ulizima alama ya kusoma, zile tiki za bleu, hautaona mutu na utafikiri hakuna mwenye alipita. Na kama hesabu ya laiki inakusumbua roho, tangu 2021 Instagram na Facebook zinakuacha uifiche ku posti zako. Ifiche. Mwenye ameandika komanteri, mujibu na swali, si "merci" tu: ule wa makala alikugongea gunia vipi? Mara mingi stori yenye itafuata inatokea pale, na inatokea na maneno muzuri kupita yako.

Usijiahidi posti ya kila siku, juu siku ya tatu utaanza kutunga, na batu ba hapa banasikia uongo haraka. Wiki yenye haiko na kintu, nyamaza, na ukirudi usianze na "samahani nilipotea", anza tu na kile kilitokea.