Daftari la kisasi: namna ya kuhukumu Game of Thrones bila kuvunja baraza

Nina duka Kisauni: unga, sukari, mafuta ya kupima, tokeni za stima. Usiku runinga ndiyo inayonikalishia vijana barazani, nao mwaka huu wameamua kuirudia tamthilia ya Game of Thrones tangu mwanzo, misimu 8, vipindi 73. Kila usiku ugomvi ni ule ule. Aliyelipa kisasi ana haki, au naye ni muuaji tu? Wakipandisha sauti mtoto wangu aamka. Basi nimewawekea utaratibu, na kama una baraza kama langu, wewe pia waweza kuutumia.

Tafuta daftari la shule na kalamu. Sifanyi mzaha. Mwenye kisasi ni mdai, na mdai yeyote lazima aseme amdai nani, amdai nini, na nani shahidi. Gawa ukurasa mara tatu: aliyetenda, aliyetuma, aliyejua akanyamaza. Mtu asimtetee wala kumlaani mhusika mpaka jina liwe limeingia mahali pake.

Anza na Harusi Nyekundu ya msimu wa 3, ni rahisi. Wageni, Robb Stark na watu wake, wameshakula mkate na chumvi ya mwenyeji wao Walder Frey, kisha wachinjwa karamuni. Uovu wa jambo hilo mtu wa Pwani hahitaji kuelezwa. Roose Bolton, bwana wa upande wa Robb mwenyewe, alimchoma Robb kwa mkono wake. Tywin Lannister, adui wa Robb vitani, hakuwepo, lakini mpango aliujua na kuubariki, kwa hivyo kwenye waliotuma hakosi. Baadaye Arya, dada mdogo wa Robb, anamlisha mzee Frey pai ya nyama ya wanawe wawili, na hapa vijana hushangilia. Wanyamazishe, warudishe ukurasani. Lothar ndiye aliyemchoma mke wa Robb tumboni, na Black Walder akamkata mama wa Robb koo, kwa hivyo wana hao wamo kwenye waliotenda. Pai yenyewe ni uchafu, lakini deni limefika kwa mwenyewe. Kisha tazama mwanzo wa msimu wa 7: Arya, kavaa uso wa mzee, awagawia wanaume wa ukumbi mzima mvinyo wenye sumu, na mke kijana wa Frey akiinua kikombe, amshika mkono asinywe. Mkono ule nausifu. Lakini wale wengine, mmoja mmoja, majina yao yako wapi daftarini?

Mji wa Meereen ndio unaonikera. Mabwana wa mji waliwatundika watoto watumwa 163 njiani, naye Daenerys, malkia aliyeuteka mji, akawatundika mabwana 163. Hesabu imekaa sawa, vijana wakaridhika. Halafu akaja Hizdahr zo Loraq kuomba maiti ya babake akaizike, akasema baba yule alikuwa amepinga watoto kutundikwa. Sasa huyu umwandike wapi? Hana pa kuandikwa, na yuko msalabani.

Mimi hapo siwezi kucheka, maana nimewahi kulifanya hilo kwa shilingi 340. Mtaani kuna vijana wawili wa jina moja. Nikaenda nikamdai mama wa asiyekopa, mchana, watu wanasikia. Akatoa pesa kimya kimya. Usiku nikasoma daftari langu vizuri, asubuhi nikamrudishia, nikamuomba radhi mlangoni kwake. Alizipokea. Mpaka leo unga anunua duka la ng'ambo ya barabara.

Likija la aliyetumwa, usikubali mtu afute jina kwa kusema "aliamriwa". Sandor Clegane alimuua Mycah, mtoto wa muuza nyama, na mbele ya mahakama ya Beric, mkuu wa genge la msituni anayehukumu kwa pigano la panga, akajitetea kwamba yeye ni mlinzi wa Joffrey, mwana wa mfalme, si kazi yake kuwahoji wana wa wafalme. Vijana hupenda kugawa, nusu kwa mtuma, nusu kwa aliyetumwa. Mimi siandiki nusu. Mkopaji akiwa na mdhamini, deni zima namdai yeyote kati yao. Akipigana akashinda, kama alivyoshinda Sandor, ameshinda pigano tu, Mycah hakufufuka. Hapa kijana mmoja huniambia, "Mama, wewe mkali kuliko Arya." Labda.

Wa kunyamaza wapitie haraka, hawaishi, utakesha.

Jana tumefika kwa Olenna, bibi aliyemtilia Joffrey sumu harusini kisha mwingine akashtakiwa. Aliyeshtakiwa ni Tyrion, na aliyeongoza mahakimu ni babake mwenyewe, yule yule Tywin. Mmoja akauliza: Tyrion amdai nani, bibi aliyenyamaza au baba aliyemhukumu? Mimi nasema wote wawili, wao wasema baba peke yake, kwani bibi naye alikuwa akimwokoa mjukuu wake, bi harusi wa Joffrey. Saa sita ikapita. Tumeandika majina yote mawili, kwa penseli.