SOMO: Chakula cha mchana cha haiking bila kuwasha jiko, kuanzia siku moja mpaka siku tano

Wadau habari zenu. Watu wengi wanaanza haiking siku hizi na swali linalojirudia kila mara ni mchana tunakula nini, maana asubuhi unaweza kupika kambini na jioni vilevile, ila mchana upo njiani, miguu imechoka, mawingu yanajikusanya, na hakuna anayetaka kushusha begi, kutoa jiko, kuchemsha maji, kusubiri, halafu aanze kusugua sufuria. Leo naweka namna ya kupanga mchana usiohitaji moto kabisa. Ni ndefu kidogo, vumilieni.

Msimamo wangu nauweka mapema ili mnielewe huko mbele: usianze na "napenda kula nini", anza na "hiki kitu kitakuwa na hali gani saa saba mchana, baada ya kubanwa ndani ya begi na kupigwa jua tangu alfajiri". Ukilijibu hilo kwanza, orodha ya manunuzi inajiandika yenyewe, na hata ladha utaipata tu.

HATUA YA 1: Panga kwa kinachowahi kuharibika

Hii ndo hatua kubwa kuliko zote na ndo wengi wanairuka. Bakteria wanaoleta sumu ya chakula wanazaliana haraka kwenye joto la kati ya nyuzi 5 na 60 za Selsiasi. Kanuni inayotumika ni kwamba chakula kinachoharibika kisikae kwenye joto hilo zaidi ya masaa 2, na kama hewa yenyewe imepita nyuzi 32 basi ni saa 1 tu. Sasa fikiria umefunga sandwichi ya kuku saa kumi na moja asubuhi, unakuja kuila saa saba mchana, hapo ni masaa manane ndani ya begi lenye joto. Harufu inaweza kuwa safi kabisa na bado ikakulaza, na kuharisha ukiwa mbali na barabara ni hatari kweli, unapoteza maji na nguvu ya kurudi kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo nyama iliyopikwa, yai la kuchemsha, chizi laini, saladi iliyochanganywa na mayonezi, vyote hivi ni vya siku ya kwanza tu na viwe na barafu. Njia rahisi ni kugandisha chupa ndogo ya maji usiku, unaifunga pamoja na chakula ndani ya taulo au sweta katikati ya begi, mchana unakula kikiwa bado baridi na yale maji unayanywa, yani hujabeba uzito wa bure. Ukifungua ukakuta barafu imeisha zamani na chakula ni cha uvuguvugu, usijadiliane nacho. Kingine, mayonezi ya kiwandani yenyewe ina asidi ya kutosha, vipakiti vyake vidogo vilivyofungwa havina shida begini, shida ni kuku au yai ulilolichanganya nayo. Beba vipakiti, changanya pale pale.

Siku ya pili na ya tatu ni zamu ya vitu vigumu. Chizi ngumu iliyokaushwa vizuri (ikipata joto inatoa jasho la mafuta, ifute tu uendelee), salami kavu (soseji nene ya nyama iliyokaushwa) ile inayouzwa nje ya friji, karoti nzima, tufaha, mkate bapa wa kukunja jamii ya chapati. Mkate wa slesi sahau baada ya siku ya kwanza, begi linaubana unabaki unga.

Kuanzia hapo ni vikavu na vilivyofungwa: siagi ya karanga, njugu, tende, zabibu kavu, samaki wa pakiti, biskuti za chumvi, kuskusi (punje ndogo za ngano), poda ya dengu au mbaazi zile zilizopikwa kiwandani zikakaushwa.

HATUA YA 2: Pima uzito dhidi ya kalori

Kama ni safari ya siku moja ruka hii hatua, beba hata tikiti ukipenda. Kwa siku nyingi ndo inabidi ukae chini. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4, maji hayana hata moja. Ndo maana gramu 100 za siagi ya karanga zinakupa kama kalori 590, lozi karibu 580, zabibu kavu kama 300, mkate kama 260, wakati tuna ya kwenye maji inakupa 110 hadi 120 hivi na ile ya kwenye mafuta inasogea 190 au 200. Tango ni zaidi ya asilimia 90 maji, linaburudisha ila unabeba maji yenye ganda.

Lenga wastani wa kalori 400 na zaidi kwa kila gramu 100 za chakula kizima cha safari, begi litakushukuru. Ila msije mkasema basi tunakula mafuta matupu, hapana. Mafuta yanakaa tumboni muda mrefu, ukila mlo wa mafuta mengi halafu mbele yako kuna mpando mkali utaenda unajikokota. Kama baada ya mchana unapanda, weka wanga mbele, mafuta kidogo. Kama unashuka au njia ni tambarare kula mafuta kwa raha zako.

HATUA YA 3: Jenga mlo

Mimi naangalia vitu vinne: cha kubebea (mkate bapa, biskuti), cha kupaka, cha chumvi, na kitamu cha kumalizia. Chumvi watu wanaidharau sana. Unatoka jasho masaa mengi, unakunywa maji matupu tu, sodiamu inapungua mwilini, kichwa kinaanza kugonga na kichefuchefu juu, halafu mtu anadhani maji hayajatosha anaongeza mengine. Zeituni, njugu za chumvi, salami, chizi, hivyo vinafanya kazi.

Michanganyiko ninayoirudia:

- Mkate bapa + siagi ya karanga + zabibu kavu + chumvi kidogo juu. Unakunja, unakula unatembea.
- Tuna ya pakiti kwenye mafuta + kipakiti cha mayonezi + pilipili manga, vyote ndani ya ile ile pakiti ya tuna, unachota kwa biskuti. Hakuna chombo cha kuosha.
- Chizi ngumu + salami + tufaha. Kisu kimoja, basi.
- Poda ya hamasi (ule uji mzito wa dengu na ufuta) ukiichanganya na maji safi ndani ya mfuko wa zipu na tone la mafuta ya zeituni, unakata kona ya mfuko unakamulia kwenye mkate.

Ya siku nyingi usile ladha moja mfululizo. Siku ya tatu mdomo unakataa na chakula unakibeba mpaka mwisho wa safari kikiwa kizima, nimeona hili kwa watu wengi. Vipakiti vya limao, pilipili, haradali havina uzito na vinaokoa mlo.

HATUA YA 4: Kuloweka kwa maji baridi

Hapa ndo penye utamu. Unahitaji kopo la plastiki la mdomo mpana, mfuniko wa kukaza usiovuja. Lijaribu nyumbani kwa kulijaza maji na kuligeuza kichwa chini usiku kucha, usilijaribie ndani ya begi lenye mfuko wa kulalia.

Kanuni ni moja: unaloweka kitu ambacho KIMESHAPIKWA kiwandani kikakaushwa. Kuskusi ya pakiti imeshapigwa mvuke, weka maji baridi kiasi sawa na kuskusi au yazidi kidogo, nusu saa mpaka saa nzima imeiva. Tambi za pakiti za kupika haraka nazo zimeshaiva, zinalainika ndani ya kama saa moja. Oti zilizobanwa bapa masaa mawili hivi au usiku kucha. Poda ya viazi dakika chache tu. Maharage yaliyopikwa yakakaushwa yanachukua karibu saa moja. Unachofanya, saa moja kabla ya kula unasimama mnapojaza maji, unamimina, unafunga, unaendelea kutembea, mtikisiko wenyewe unachanganya. Mafuta na viungo vya ladha weka mwisho.

Sasa sikilizeni vizuri hapa. Kwa kuwa hakuna kuchemsha, maji ya kuloweka lazima yawe YAMESHATIBIWA kabla hayajagusa chakula. Vidonge vya klorini unaweka kwenye chupa, unasubiri muda ulioandikwa kwenye pakiti (mara nyingi dakika 30, maji ya baridi sana au yenye tope yanataka zaidi), ndo unamimina kwenye kopo. Ukiweka kidonge pamoja na chakula, chakula kinaila klorini na vijidudu vinabaki. Na poda za juisi zenye vitamini C zisubiri pia mpaka muda wa kidonge uishe, maana vitamini C inaua nguvu ya klorini.

Ukishaloweka hicho sio kikavu tena. Kinaharibika kama chakula kilichopikwa, kiliwe mlo huo huo, kopo lioshwe siku hiyo hiyo.

HATUA YA 5: Mahali pa kulia na taka

Chakula cha mchana kiwe juu kabisa ya begi au mfuko wa nje, ukikiweka chini ya hema hutakula utasema nitakula mbele. Mikono: sanitaiza inasaidia ila kwenye mikono yenye matope na mafuta inashindwa, na kuna virusi vya kuharisha haiviwezi vizuri, kwa hiyo sabuni na maji kidogo kabla ya kula, hatua 80 au zaidi kutoka mtoni (mita 60 hivi). Taka zote zinarudi na wewe, pamoja na maganda ya chungwa na ndizi, msiseme yanaoza, yanachukua muda mrefu na yanawafundisha wanyama kufuata watu.

MASWALI YA WADAU

Swali: Mkuu asante kwa somo. Kwa hiyo naweza kuloweka mchele na maharage ya kawaida usiku kucha nikala mchana bila kupika?

Jibu: Hapana hapana. Mchele mbichi hautaiva kwa maji baridi hata ukae siku nzima. Maharage mabichi ndo usiguse kabisa, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoitwa lektini ambayo inaharibiwa kwa kuchemka sawasawa tu, kuloweka peke yake hakutoshi, unatapika ndani ya masaa machache. Tafuta yaliyoandikwa yamepikwa, au ya kopo.

Swali: Mimi njugu zote nina aleji nazo, na kila orodha ya haiking imejaa karanga. Nifanyeje kaka?

Jibu: Dada pole, lakini njia ipo. Siagi ya mbegu za alizeti inakaribia kabisa ile ya karanga kwa kalori, mbegu za maboga pia, na chizi na mafuta ya zeituni vinakuongezea mafuta. Soma lebo kuona kama imetengenezwa mashine moja na karanga. Ufuta nao una watu unaowadhuru, kwa hiyo hamasi kama hujawahi kuila usiijaribie huko porini. Na waambie wenzako wote mnaotembea nao, wasichote siagi yao na kisu chako.

Swali: Nikifika juu sana hamu ya kula inakata kabisa, hata nikitazama mkate natamani kutapika

Jibu: Inawapata wengi, kimo (yani kuwa juu sana mlimani) kinapunguza hamu. Acha kungojea mlo mmoja mkubwa, kula kidogo kila saa moja au saa na nusu, vitu vya wanga vinavyoshuka kirahisi, tende, biskuti, pipi za kutafuna, poda ya kinywaji yenye sukari. Mafuta punguza huko juu. Ila kama kichefuchefu kinakuja na kichwa kuuma na kizunguzungu hiyo ni dalili ya ugonjwa wa kimo, sio suala la menyu tena, usiendelee kupanda, na ikizidi shuka.

Swali: Tuna pakiti moja inanizidi, naweza kufunga nusu nikala jioni?

Jibu: Usifanye hivyo, ikishafunguliwa masaa 2 yanaanza kuhesabiwa. Nunua pakiti ndogo au mle wawili.

Swali: Tunatembea na mtoto wa miezi kumi mgongoni, anaweza kula hizi oti zenye asali?

Jibu: Asali asipewe kabisa mpaka atimize mwaka 1, inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu na utumbo wake haujaweza kupambana nao. Njugu nzima na zabibu nzima pia zinakaba koo kwa umri huo. Mpondee ndizi mbivu, au oti zake ziandae na maziwa anayotumia, ziliwe mara moja zisikae.

Swali: Kwenye baridi kali siagi ya karanga inakua jiwe, nafanyaje?

Jibu: Ihamishie kwenye mfuko mdogo wa kukamua, saa moja kabla ya kula ingiza ndani ya jaketi karibu na mwili. Na vibaa vya nafaka (vile vipande vya nafaka vilivyogandamizwa) fanya hivyo hivyo, vikiganda vinaweza kukuvunja jino. Kuloweka nako kunachukua muda mrefu zaidi kwenye maji ya baridi hivyo, kopo nalo linaweza kukaa ndani ya jaketi kama limefungwa vizuri.

Swali: Saa ngapi ni nzuri kula mchana?

Jibu: Kabla njaa haijashika. Ukiona umeanza kukasirikia wenzako bila sababu, umechelewa kama saa nzima.