Kabla hujaacha jeshi ukarushe ndege za abiria nje: weka haya sawa ukiwa bado kikosini

Wewe unayewaza kuvua gwanda ukaombe kazi shirika la ndege la nje, soma hii ukiwa bado kazini. Nasema ukiwa bado kazini manake karibu kila kitu hapa chini ni chepesi ukiwa ndani ya kikosi na ni mateso matupu ukishatoka. Nimeona marubani wazuri kweli, watu waliokuwa wanatua usiku kwenye viwanja vya vumbi, wamekaa nyumbani miezi na miezi wakisubiri karatasi.

Kwanza masharti ya kuondoka. Jeshi lililokusomesha urubani lina miaka linakudai, hesabu imebaki mingapi na ujue ukiivunja unalipa nini. Halafu ulizia sheria ya nchi yako kuhusu mwanajeshi wa zamani kufanya kazi kwa serikali ya kigeni. Wengi wanashtukia hapa, wanadhani shirika la ndege ni kampuni tu, kumbe Emirates ni mali ya serikali ya Dubai na Qatar Airways ni ya serikali ya Qatar. Marekani kwa mfano, mstaafu wa jeshi anatakiwa apate kibali cha jeshi lake na cha Wizara ya Mambo ya Nje kabla hajaanza kazi ya namna hiyo, asipofanya hivyo pensheni yake inaweza kuzuiwa. Kwenu utaratibu unaweza kuwa mwingine. Uliza kwa maandishi na ujibiwe kwa maandishi, usikubali jibu la kwenye korido.

Cheti cha afya cha daraja la kwanza, cha kiraia, kapimwe KABLA hujaandika barua ya kuacha kazi. Usiniambie kila mwaka unapita kwa daktari wa jeshi, yule ana vigezo vyake na huyu wa kiraia ana vyake. Masikio yaliyochoka na kelele za injini, mgongo wa mtu aliyewahi kurushwa na kiti cha dharura, tatizo la zamani lililoandikwa kwenye faili ukalisahau, hayo yote yajulikane sasa hivi ukiwa bado na mshahara.

Kiingereza cha urubani: ICAO, shirika la Umoja wa Mataifa la usafiri wa anga, inataka angalau kiwango cha 4, ambacho kwa kawaida unarudia mtihani kila baada ya miaka 3, cha 5 ni miaka 6, cha 6 hurudii tena. Fanya mapema. Pasipoti iwe na miaka ya kutosha. Vyeti vya shule vitafute sasa.

Leseni nayo. Mabawa ya kifuani siyo leseni, ndugu yangu. Shirika la nje linataka leseni iliyotolewa na mamlaka ya kiraia, na wengi wanataka ATPL, leseni ya juu kabisa ya rubani wa ndege za abiria, ambayo kwa viwango vya ICAO ni masaa 1500 kwa uchache, humo ndani 100 ya usiku na 75 ya kuruka kwa vyombo (kwa kufuata vipimo vya ndani ya ndege bila kutegemea kuona nje), na katika hayo 75 yale ya ardhini kwenye simuleta, mashine ya kuigiza ndege, yasizidi 30. Ulaya chini ya EASA, wakala wao wa usalama wa anga, kuna mitihani 13 ya nadharia, kila mmoja lazima upate 75%, na ukishaanza una miezi 18 ya kuimaliza yote. Nchi nyingine zinawapunguzia wanajeshi, tumia hiyo nafasi kama ipo kwenu, ila soma masharti yake vizuri. Marekani rubani wa jeshi anaweza kupata ATP (ndiyo ATPL ya kwao) kwa masaa 750, lakini ni leseni yenye mipaka, ya kukaa kama rubani msaidizi, kwa hiyo tangazo la nje likisema ATPL kamili hiyo haitoshi. Soma kwa ajili ya hiyo mitihani usiku ukitoka kazini. Najua unachoka. Soma hivyo hivyo.

Sasa tulia hapa, manake hili ndilo limewaangusha wengi kuliko mitihani: rekodi ya masaa yako.

Kuna mwenzetu mmoja, kapteni wa C-130, ile ndege kubwa ya mizigo ya jeshi, mtu ambaye vijana wote wa kikosi tulikuwa tunagombania kuruka naye kwa jinsi alivyokuwa anafundisha. Aliondoka vizuri, kwa heshima zote, na mkononi alikuwa na karatasi moja ya kikosi yenye mhuri iliyosema ameruka masaa mengi, jumla, basi. Akafaulu intavyu ya shirika moja la nje, akafaulu na simuleta. Halafu idara ya ajira ikamwandikia: tuma mchanganuo wa masaa yako, mangapi ukiwa kapteni wa ndege, mangapi ukiwa msaidizi, mangapi mwalimu, mchana, usiku, vyombo, simuleta pembeni, kwa kila aina ya ndege, na yathibitishwe na aliyekuwa mwajiri wako. Sasa rekodi za jeshi hazikuandikwa kwa ajili ya maswali hayo. Kuna safari ambazo marubani wote wawili wameandikwa bila kusema nani alikuwa kapteni, kuna safari za operesheni hazina hata jina la uwanja, na masaa ya simuleta yalikuwa yamechanganywa humo humo kwenye jumla.

Akarudi kikosini kuomba. Getini kitambulisho chake hakifanyi kazi tena, afande wa zamani anasimama nje kama mgeni yeyote anasubiri mtu aje amchukue. Mkuu wa kikosi aliyemfahamu alishahamishwa. Karani wa rekodi alikuwa mpya, naye akamwambia mafaili ya miaka ya nyuma yamepelekwa makao makuu na ya kule yanatoka kwa barua, na barua inapita kwa watu wa usalama kwanza kwa sababu ya zile safari za operesheni. Hakuna aliyemfanyia ubaya hapo, kila mtu alikuwa anafuata taratibu zake, ila tarehe ya kuanza mafunzo haikuwa inamsubiri.

Kwa haraka akakaa chini akaandika logibuku, daftari la rubani la kuandikia kila safari na masaa yake, yeye mwenyewe kutoka kwenye kumbukumbu na madaftari ya zamani. Na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa. Jeshi lao lilikuwa linahesabu muda wa angani tu, tangu magurudumu yanaachia ardhi mpaka yanapogusa. Raia wanahesabu tangu ndege inapoanza kusogea kwenda kuruka mpaka inaposimama kabisa mwisho wa safari. Kwa hiyo yeye akaongeza dakika kadhaa kila safari kufidia, kwa makadirio yake, kwa nia safi kabisa, na hakuandika popote kwamba ameongeza. Barua ya jeshi ilipokuja hatimaye, jumla yake na jumla ya logibuku hazikulingana. Shirika likauliza zipi ni za kweli. Fikiria mtu amefanya kazi kwa uadilifu maisha yake yote halafu anaulizwa swali hilo na mtu asiyemjua, na hana karatasi ya kujitetea. Nafasi yake wakampa mwingine. Kuja kupata kazi sehemu nyingine, wadogo zake aliowafundisha yeye mwenyewe walikuwa wameshamtangulia kwenye orodha ya ukongwe, na kwenye mashirika mengi orodha hiyo ndiyo inaamua nani anakuwa kapteni lini, nani anachagua kambi gani, nani anapata likizo mwezi gani. Inaniuma mpaka leo nikimkumbuka.

Kwa hiyo fanya hivi, na uanze wiki hii. Omba rekodi zako zote za kuruka ukiwa bado na kitambulisho kinachofungua geti. Andika logibuku ya kiraia safari kwa safari, jeshi likikuruhusu kutoa taarifa hizo, na kama njia ni ya siri andika tu kwamba ni safari ya kijeshi, masaa yabaki. Muda wa jeshi uuweke kama ulivyo kwenye safu yake. Ukitaka kuonyesha muda wa kiraia weka safu ya pili na uandike umeupataje, manake kuna mashirika yanakubali kuongeza kiasi maalum kwa kila safari na kuna mengine hayataki kabisa, waachie wao wahesabu. Pata barua ya mkuu wa kikosi yenye mchanganuo kamili, yenye sentensi inayosema jeshi linahesabu muda kuanzia wapi mpaka wapi, yenye cheo, sahihi, mhuri, na anwani ya OFISI ya kuthibitisha, siyo simu ya mtu binafsi ambaye kesho atahamishwa. Skani kila kitu, hifadhi sehemu mbili tofauti. Jumla kwenye barua, kwenye logibuku, kwenye wasifu na kwenye fomu ya maombi iwe moja, ilingane mpaka dakika.

Tuendelee. Angalia aina ya masaa wanayotaka. C-130H inaweza kupaa na karibu tani 70, ni ndege kubwa hasa, lakini ni ya pangaboi, na tangazo likisema masaa ya jeti ya marubani wengi hayo yako hayaingii. Wa ndege za kivita una jeti lakini umekaa peke yako, huna masaa ya kufanya kazi na mwenzako, kwa hiyo kozi ya ushirikiano wa marubani inakuhusu. Wa helikopta soma tangazo mara mbili. Na masaa ya karibuni yana uzito wake, ukipelekwa ofisini makao makuu miaka yako ya mwisho utaenda kwenye intavyu ukiwa na masaa mengi ya zamani na hakuna ya mwaka huu, pigania urudi kuruka kabla ya kuondoka.

Simuleta kafanye mazoezi kwa pesa yako kama ni lazima. Uliyezoea C-130 ya zamani yenye inginia wa ndege na navigeta (muongoza njia) nyuma yako, kwenye ndege ya abiria kama A320 mko wawili tu, na mtahini anaangalia unavyomtumia mwenzako, unavyosema kila hatua kwa sauti, unavyopaa tena pale ndege isipokaa sawa ikikaribia kutua. Kulazimisha kutua kunakufelisha. Kwenye intavyu punguza habari za vita na vyeo, wanataka kusikia ulivyomsikiliza rubani mdogo alipokwambia unakosea. Utaanza kiti cha kulia, cha msaidizi, kapteni wako anaweza kuwa na umri wa mwanao, jiandae kwa hilo moyoni kweli kweli.

Hesabu umri pia. Kwa safari za kimataifa za abiria ICAO imeweka mwisho miaka 65, kwa hiyo ukitoka na 50 una 15 mbele yako, na hapo bado hujatoa muda wa mafunzo.

Mkataba soma wote, mpe na mwanasheria. Tafuta bondi ya mafunzo, yaani kifungu cha kukufunga miaka kwa sababu wamekulipia mafunzo: miaka mingapi, ukiondoka mapema unalipa kiasi gani, je inapungua kila mwezi au inabaki vile vile, na wao wakikuachisha nani analipa. Viza yako ikishikwa na mwajiri ina maana kazi ikiisha na ukaazi wa familia unaisha. Mwaka 2020 mashirika makubwa ya Ghuba yalipunguza marubani, na Jet Airways ya India ilisimama kuruka Aprili 2019 huku wafanyakazi wake wakiidai mishahara iliyochelewa, kwa hiyo akiba ya miezi kadhaa iwepo na usiuze nyumba. Wakala akikuomba pesa ya kukutafutia nafasi, ondoka. Na akija mtu na mshahara mkubwa kupita kiasi akisema ni kufundisha tu, uliza unamfundisha nani, manake Oktoba 2022 Uingereza ilitoa tahadhari kuhusu marubani wake wa zamani kuvutwa wakafundishe jeshi la China, na Australia ikapitisha sheria yake mwaka 2024. Mweleze mwenzi wako mapema, ajue ratiba zilivyo, ajue shule za watoto zinalipwa na nani. Usiwaage watu kikosini mpaka uwe na mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, ofa ya maneno siyo kazi, na hata ukishasaini endelea kuruka na kutunza cheti chako cha afya mpaka siku ya mwisho.